Rula na Jalidi

Kwetu Makete, mwezi wa Julai,
ushahidi una saa moja na nusu ya kuishi.
Kabla jua halijavuka misindano
nyasi ni nyeupe kama zimemwagiwa chumvi,
na aliyepita usiku ameandika.
Baadaye ni umande tu,
na umande hauna mwandiko.

Ndiyo maana Lukelo alinigongea dirisha alfajiri ile.
Tulikuwa watatu, kidato cha tatu,
maabara yetu kopo la maziwa ya unga:
pauda ya mtoto, brashi ya rangi ya kucha,
selotepu, penseli,
rula yangu iliyokatika kwenye ishirini na saba.
Shule nzima ilituita Polisi Pauda.

Safari hii haikuwa kalamu wala sweta la mtu.
Stoo ilikuwa imepungukiwa unga, madebe mawili,
na mlinzi Mbwilo ameshakalishwa ofisini
mikono katikati ya mapaja,
kwa sababu funguo hulala kwake,
na kwa sababu aliwahi kufungwa, zamani, kwa jambo jingine.
"Mwizi ni mwizi," alisema bwana stoo.
"Hiyo si hoja, ni methali iliyooza," Lukelo akajibu,
ila alijibu tukiwa tumeshafika nje.

Atuganile akanyunyiza pauda kwenye kufuli.
Zikaibuka alama za vidole, za watu kumi juu ya kumi,
zimelaliana kama ndugu wa kitanda kimoja.
Hazikutuambia kitu.

Tukazunguka nyuma,
mahali asipopita mtu
ila anayekwenda jikoni kwa njia ya mkato.
Nyayo saba.
Gambuti, si makatambuga ya Mbwilo.
"Pima," Atuganile alisema, mvuke ukimtoka kinywani.
Nikapiga goti, baridi ikapenya sketi.
Urefu, ishirini na tatu na nusu.
Kisigino, sita.
Na chini ya kidole gumba, pembetatu,
ukingo wake mmoja umepinda,
maana mkasi ulikuwa butu
na aliyekata alikuwa na haraka,
na aliyekata ni mimi.

Tyubu ya baiskeli ya mjomba. Gundi ya mia tano.
Jumapili ile mama alikaa mguu mmoja peku,
akisema bandika vizuri,
jiko la shule yenu lina maji kuliko mto.

Wenzangu hawakuona. Lukelo alikuwa akihesabu hatua.
Jua limefika paa la bweni,
linashuka batini polepole
kama mtu asiye na kesi.
Zilibaki dakika kumi.
Ningeweza kusema penseli imevunjika.
Ningeweza kukohoa, kuteleza, kukanyaga.
Nikakumbuka uji wa wiki nzima nyumbani,
mzito hadi kijiko kinasimama,
wadogo zangu wakigombea ukoko:
nusu ya ushahidi nilikuwa nimeshaimeza.
Nikakumbuka na mapaja ya Mbwilo,
mikono ile katikati.

Nikachora.
Kwenye karatasi ya grafu, mraba kwa mraba,
mpaka ule ukingo uliopinda.
Penseli haikuvunjika. Niliiomba ivunjike.

Mbwilo aliachiwa saa sita.
Mama aliitwa saa nane.
Polisi Pauda walipigiwa makofi mstarini,
Atuganile akanitafuta kwa macho, kisha akaelewa,
akaacha kupiga.

Jioni gambuti zilikuwa kando ya moto, zimeinamishwa.
Mama hakunitazama.
Aliinua moja, akapapasa soli kwa kidole,
taratibu, kama anayesoma.
"Kiraka chako," akasema, "bado hakijavuja."
Akanipakulia uji.
Mwepesi.